Kutoka nyundo hadi pampu: historia fupi ya lagi iliyobanwa

Leo sitaandika kuhusu programu. Nataka tuzungumze juu ya kipande kidogo cha shaba ambacho mafundi wa stima hukiita lagi, na juu ya kifaa cha mafuta kinachokibana kwenye kebo nene. Najua wapo watakaouliza: mwandishi wa programu na lagi, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Kila programu ninayoandika huendeshwa na seva, seva hula stima, na stima hiyo kabla ya kuifikia seva hupita kwenye viungo ambavyo mtu fulani alivibana kwa mkono wake. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, programu hata iwe safi namna gani haitasaidia kitu.

Nimesoma historia ya kifaa hiki kwa muda sasa, na nimeona kwamba yote inazunguka swali moja: utajuaje kwamba kiungo ni kizuri ilhali huwezi kuona ndani yake? Ukilielewa swali hilo, utajua ununue kifaa gani na ukitumie vipi. Na hata kama hutanunua, utajua la kumuuliza fundi wako.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Chukua inveta ya wati 5,000 inayotumia betri za volti 48. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kebo ya betri hubeba ampea 104 hivi. Joto linalozaliwa kwenye kiungo ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani wa kiungo. Kiungo kizuri chenye ukinzani wa milioomu 0.05 kitatoa joto la nusu wati tu, hutalihisi hata ukigusa. Kiungo kibovu chenye milioomu 5 kitatoa wati 54. Hilo ni joto la balbu ya zamani ya wati 60, lakini limefungiwa ndani ya kipande cha shaba kilichovikwa plastiki, pengine kando ya betri. Sasa sikiliza jambo la kutisha: mita ya kawaida ya fundi haiwezi kupima milioomu 5. Kwake viungo vyote viwili vinasoma sufuri.

Nililiona jambo hili kwa macho kwenye chumba cha seva cha ofisi moja hapa Nairobi, ambayo sitaitaja. Betri zilikuwa mpya, kebo ilikuwa nene ipasavyo, na siku ya kukabidhiwa kila kitu kilipimwa kikaonekana sawa. Miezi michache baadaye stima ikapotea mchana, mzigo wote ukahamia kwenye betri, na baada ya dakika chache chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Lagi moja ilikuwa imegeuka nyeusi. Tulipoikata kwa hakso tulikuta nyuzi za waya zimelala ndani kama njiti kwenye kiberiti, zikiwa na nafasi katikati. Ilikuwa imebanwa kwa nyundo na patasi. Kwa nje ilionekana imeshika kabisa.

Sasa turudi nyuma. Zamani, kabla ya kubana, kebo nene zilikuwa zinalehemiwa. Fundi aliipasha lagi kwa moto wa tochi, akamimina mchanganyiko wa bati na risasi ndani yake, kisha akaitumbukiza kebo. Kazi nzuri ya namna hiyo ilidumu miaka mingi, na wazee walioifanya walistahili heshima. Ila ilikuwa na kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni mkono. Moto ukipungua, lehemu haishiki. Ukizidi, ngozi ya kebo inaungua. Ubora wote ulikuwa ndani ya fundi, na fundi akiondoka huna cha kukagua. Kasoro ya pili ni fizikia. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kebo za kisasa zenye ngozi ya XLPE zinaruhusiwa kufika nyuzi 250 kwa sekunde chache wakati wa shoti. Maana yake ni kwamba kiungo kinaweza kuyeyuka huku kebo yenyewe ikiwa bado haijadhurika.

Suluhisho lilikuwa kuachana na moto na kutumia nguvu. Lakini shaba ya kebo nene haibanwi kwa plaisi. Inahitaji tani kadhaa, na fundi ana mikono miwili tu. Hapo ndipo anapoingia Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Katika maandishi yake kuhusu maji, yaliyochapishwa mwaka 1663, alieleza chombo chenye matundu mawili, moja kubwa mara mia kuliko jingine. Mtu mmoja akisukuma pistoni ya tundu dogo, alisema, atalingana na watu mia wanaosukuma kwenye tundu kubwa. Shinikizo ni lile lile kila mahali. Kinachobadilika ni eneo linalosukumwa.

Wazo hilo lilikaa zaidi ya karne moja bila kuwa mashine ya kiwandani. Aliyelifanya kazi ni Joseph Bramah wa Uingereza, aliyepata hataza ya shinikizo la maji mwaka 1795. Wapenzi wa usalama wa kompyuta wanaweza kumjua Bramah kwa jambo jingine: ndiye aliyetengeneza kufuli maarufu lililowekwa dirishani London pamoja na ahadi ya zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Hobbs, Mmarekani, alilifungua mwaka 1851, Bramah akiwa ameshafariki. Taabu kubwa ya mashine ya Bramah ilikuwa uvujaji: pistoni ikikazwa sana haisogei, ikilegezwa maji yanatoka. Ufumbuzi ulikuwa pete ya ngozi yenye umbo la kikombe ambayo shinikizo lenyewe huitanua, hivyo kadiri unavyosukuma ndivyo inavyoziba. Wengi humpa sifa ya pete hiyo Henry Maudslay, aliyekuwa akifanya kazi kwa Bramah. Ukipasua jeki ya mafuta ya gari leo utaona wazo lile lile, ngozi ikiwa imebadilishwa kwa mpira.

Kifaa cha kubania lagi ni jeki hiyo hiyo iliyolazwa ubavu. Vingi hufanya kazi kwa shinikizo la bar 700 hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 700 juu ya kila sentimita mraba. Pistoni kubwa ikiwa na kipenyo cha milimita 47, eneo lake ni sentimita mraba 17 na kitu, na nguvu yake ni takriban tani 12. Kwa upande wa pili, tuseme pistoni ya pampu ina kipenyo cha milimita 8. Hiyo inahitaji kusukumwa kwa kilo 360 hivi, na mshiko mrefu unaozidisha nguvu mara 20 unakuachia kilo 18 za mkono wako. Pampu mara kadhaa, na umebana kwa tani 12. Hakuna muujiza, ni hesabu ya Pascal.

Nguvu peke yake haikutosha, ilibidi lagi nayo ibadilike. Huko Marekani, Bern Dibner alianzisha mwaka 1924 kampuni iliyokuja kuitwa Burndy, jina lililotokana na jina lake mwenyewe, kwa kazi ya viungio vya stima. Mwaka 1941 Uncas Whitaker alianzisha Aircraft-Marine Products, iliyojulikana baadaye kama AMP, na jina lake la kwanza linaeleza wateja wake: ndege na meli, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kulehemu kila waya wa ndege kulikuwa kunahitaji moto, muda na fundi mzoefu, na vita havikuwa na subira ya kusubiri mafundi wazoefu. Kiungio cha kubana kilihitaji kipande sahihi na kifaa sahihi. Ndio mwanzo wa ubora kuhama kutoka mkononi mwa fundi na kuingia kwenye kifaa.

Ndani ya lagi iliyobanwa vizuri kunatokea nini? Shaba ya lagi na ya nyuzi inasukumwa kupita kiwango chake cha kurudi, kwa hiyo inatiririka kama udongo wa mfinyanzi. Nyuzi za duara hupoteza uduara na kujaza nafasi zilizokuwa katikati yao. Zinaposuguana, utando wa oksaidi unavunjika na chuma safi hukutana na chuma safi. Hewa ikikosa pa kupita, kutu nayo inakosa njia. Ukikata kiungo kama hicho na kukisugua kwa tupa, utaona kama kipande kimoja cha shaba. Nyundo haiwezi kufanya hivyo. Nyundo hubonyeza upande mmoja, na upande wa pili unatanuka.

Somo gumu zaidi lilitoka kwenye alumini. Bei ya shaba ilipopanda Marekani miaka ya 1960, nyumba nyingi zilizojengwa kati ya 1965 na 1973 ziliwekwa waya za alumini. Waya wenyewe haukuwa na shida kubwa, shida ilikuwa viungo. Alumini huvaa oksaidi mara tu inapoguswa na hewa, na oksaidi hiyo haipitishi stima. Tena ni laini: ukiifunga kwa skrubu inalegea polepole, na inapopata joto na kupoa hutanuka na kusinyaa kuliko shaba. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilikuja kusema kwamba nyumba zenye waya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa viungo kufikia hali ya kusababisha moto. Na moja ya tiba ambazo tume hiyo iliidhinisha ilikuwa ile ya AMP iitwayo COPALUM: kipande cha shaba kinabanwa juu ya waya wa alumini kwa kifaa maalumu cha nguvu nyingi, na wanaoruhusiwa kukitumia ni mafundi waliofunzwa tu. Angalia vizuri hapo. Nyumba zilizoharibiwa na viungo hazikuponywa kwa waya mpya peke yake, bali pia kwa kiungo bora.

Watu wa viwango nao walilifanyia kazi swali letu la mwanzo. Kiwango cha Kijerumani DIN 46235 kinaipa kila lagi ya shaba namba ya kalibu yake, zile mafundi huziita daizi. Lagi ya milimita mraba 16 hubanwa kwa namba 8, ya 35 kwa namba 12, ya 70 kwa namba 16, ya 120 kwa namba 20, ya 240 kwa namba 28. Namba hiyo hugongwa kwenye lagi yenyewe, pamoja na alama za mahali pa kubana. Kwa kipimo cha ubora kuna IEC 61238-1, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1993: kiungo hupashwa moto na kupozwa mara 1,000, na katikati hupigwa shoti, halafu huangaliwa kama ukinzani wake umepanda. Kwa sisi waandishi wa programu hili si geni. Hatuuliti msimbo kwa kuuangalia na kusema umependeza, tunaufanyia majaribio mpaka uvunjike au utoboe.

Haya yote yanatuhusu vipi hapa kwetu? Stima ya Kenya ina historia ndefu. Jenereta ya Sultani wa Zanzibar, aliyoipata mwaka 1875, ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mwaka 1908, na mwaka huo huo Clement Hirtzel akapewa haki ya kuleta stima Nairobi. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922. Tangu hapo, mwananchi wa kawaida hakuwa na sababu ya kugusa kebo nene. Hiyo ilikuwa kazi ya kampuni ya stima na viwanda. Nyumbani tulikutana na volti 240, na kwa volti hizo wati 5,000 ni ampea 21 tu.

Sola na betri zimebadilisha mambo. Kila stima inapopotea, watu wengi zaidi hununua inveta, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Lakini ukishuka kutoka volti 240 hadi 48, ampea 21 zinageuka 104. Inveta ndogo ya volti 12 yenye mzigo wa wati 1,000 tayari inavuta ampea 83. Kazi ya kebo nene imehamia chini ya ngazi, kwenye stoo, na nyuma ya kaunta ya saiba. Nyundo nayo imehamia huko huko.

Basi ukitaka kununua kifaa, nina mambo manne ya kukuambia. Mosi, usitongozwe na tani zilizoandikwa kwenye boksi. Tani bila kalibu sahihi ni kelele tu. Angalia saizi za kebo unazotumia kweli. Kwa betri za nyumbani ni milimita mraba 16 hadi 70 au 95, hivyo kifaa kikubwa cha 400 kitakuwa mzigo wa bure. Pili, uliza kama kina vali ya kuachilia. Shinikizo likifika kiwango kilichopangwa, vali hufunguka na mshiko unalegea ghafla. Kifaa kisicho na vali hiyo kinamwachia fundi akisie, na hapo tumerudi kwenye lehemu. Tatu, oanisha lagi na kalibu. Maandishi ya 70 kwenye kalibu za bei nafuu si ahadi kwamba zinafaa lagi ya 70 ya kiwanda chochote, kwa sababu unene wa bomba la lagi hutofautiana. Nunua lagi ya kiwango kinachojulikana na kalibu ya kiwango hicho hicho. Ukikosa, bana lagi moja ya majaribio, ikate kwa hakso, uitazame ndani. Lagi moja iliyokatwa ni rahisi kuliko betri. Nne, chagua umbo la pembe sita kwa kazi ya kawaida ya shaba. Linabana pande zote na ni rahisi kukagua.

Kwenye kutumia, anza kwa kutenga stima. Ondoa fyuzi ya betri kabla ya kugusa chochote. Menya ngozi ya kebo kwa urefu wa bomba la lagi na milimita chache zaidi, kwa sababu lagi hurefuka inapobanwa. Usikate hata uzi mmoja ili kebo iingie. Kebo isipoingia, lagi si yake. Usikunje waya mwembamba mara mbili ili ujaze lagi kubwa. Ingiza kebo mpaka mwisho, uione kwenye tundu la kukagulia kama lipo. Anza kubana upande wa ulimi wenye tundu la bolti, kisha usogee kuelekea kebo, ili shaba irefuke kwenda upande ulio wazi. Pampu mpaka vali iachilie yenyewe, usiishie njiani kwa sababu inaonekana imetosha. Kukiota mapezi makali pembeni, kalibu ni ndogo au lagi si sahihi: kata, anza upya. Usimimine lehemu juu ya lagi iliyobanwa ukidhani unaiongezea nguvu.

Kama kebo ni ya alumini, isugue kwa brashi ya waya, paka grisi yake ya viungo mara moja, na utumie lagi ya alumini au ile yenye metali mbili, kamwe si ya shaba tupu. Na jambo la usalama wengi hawalijui: mafuta yakivuja kwa bar 700 kupitia tundu dogo kama la sindano yanaweza kupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kidole. Mtu akipigwa na mafuta hayo apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama cha kuumwa na mbu.

Kazi ikiisha, vuta lagi kwa nguvu, kaza bolti kwa kiwango cha mtengenezaji, halafu weka mzigo kamili kwa nusu saa na upime joto kwa kipima joto cha mbali. Linganisha viungo vyenye mkondo sawa. Kimoja kikiwa moto kuliko wenzake, hicho ndicho kinachokuambia ukweli ambao mita ilikuficha.

Vifaa hivi si rahisi kwa mtu anayebana lagi sita tu maishani. Kwa huyo ushauri wangu ni kuazima, kukodi, au kumlipa fundi aliye nacho, na kumuuliza maswali mawili: kalibu namba ngapi, na vali iliachilia? Fundi mzuri hatakasirika. Watu wa viungo walihangaika toka enzi za tochi na lehemu ili maswali hayo yapate majibu, ili kazi iweze kuaminiwa hata na mtu asiyemjua aliyeifanya. Atakayekujibu kwamba nyundo yake haijawahi kumwangusha anakuomba umwamini yeye, na mkondo wa ampea 104 haumjui.